Bodi Ilipoondoka Ukambani

Hadi mwisho wa mwaka 1993, kusafirisha mahindi mengi kutoka wilaya moja hadi nyingine nchini Kenya bila kibali lilikuwa kosa. Mkulima aliyevuna Trans Nzoia hakuweza kupakia lori na kulielekeza Kitui kwa sababu tu watu wa Kitui walikuwa na njaa na walikuwa tayari kulipa. Alitakiwa kuiuzia Bodi ya Nafaka kwa bei iliyotangazwa Nairobi, kisha Bodi iamue gunia lile liende wapi na lini. Barabarani palikuwa na vizuizi, na mchuuzi mdogo aliyepandisha magunia yake kwenye paa la matatu alijua kwamba sehemu ya faida ingeishia mikononi mwa askari.

Kenya haikuwahi kuwa nchi ya mipango ya kati kama Urusi ya Kisovieti au China ya Mao. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulizungumzia Ujamaa wa Kiafrika, lakini shamba lilibaki la mwenyewe na duka la mwenyewe. Kilichokuwa mali ya ofisi ni njia kati ya shamba na duka. Mzizi wake ni wa kikoloni: udhibiti wa mahindi ulianza mwaka 1942, katikati ya vita, na serikali ya uhuru iliurithi bila kuuvunja. Mwaka 1979 bodi ya mahindi iliunganishwa na ile ya ngano, ikazaliwa Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao. Pamba ilikuwa na bodi yake, kahawa na yake, maziwa yalikwenda kwa ushirika wa KCC na nyama kwa tume ya KMC.

Ukambani, nchi ya Wakamba, ndiko mpango huu ulikoumiza zaidi, na sababu ni mvua. Wakulima wa Kitui na Makueni hutegemea zaidi mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Zile ndefu za Machi mara nyingi hukatika kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Mwaka mmoja ghala hujaa, miwili inayofuata familia hununua chakula. Nchi ya namna hiyo huhitaji biashara kuliko nchi ya neema. Ikipata, lazima iuze haraka. Ikikosa, lazima mahindi ya nyanda za juu yafike kabla mbuzi hawajauzwa kwa bei ya kutupa.

Sasa fikiria bei moja nchi nzima, mwaka mzima. Ikiwa gunia lina bei ileile Julai na Januari, nani atajenga ghala la kuhifadhia nafaka akingojea miezi ya uhaba? Ikiwa bei ya Kitui ni sawa na ya Kitale kule Trans Nzoia, nani atagharimia mafuta ya lori? Maofisa walioweka bei ile walidhani wanamtetea mnyonge dhidi ya mlanguzi. Bila kukusudia, walizifuta kazi mbili ambazo nchi kavu haiwezi kuishi bila hizo: kuhifadhi na kusafirisha. Bodi ilipaswa kuzifanya zote mbili peke yake. Ilipochelewa, hapakuwa na mwingine aliyeruhusiwa kuziba pengo.

Katika njaa iliyokumba Ukambani mwanzoni mwa miaka ya 1980, kulikuwa na watu waliokuwa na fedha lakini hawakuona chakula cha kununua. Wakamba huzipa njaa zao majina, na ile waliiita Nikw'a Ngwete: nafa hali nimeshika mkononi. Sijaona ripoti ya mchumi yeyote iliyoeleza hasara ya mfumo wa vibali kwa ufasaha kama jina hilo lililotungwa na wenye njaa wenyewe.

Wala hawa hawakuwa watu wageni katika biashara. Misafara ya pembe za ndovu kutoka Kitui ilikuwa ikishuka pwani muda mrefu kabla ya reli, na mfanyabiashara mkubwa Kivoi ndiye aliyempokea mmishonari Ludwig Krapf mwaka 1849, safari ambamo Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui. Kilichokuja baadaye ni serikali iliyojiona inajua hesabu ya Mkamba kuliko Mkamba. Mwaka 1938 wakoloni waliamua kwamba ng'ombe wamezidi ardhi, wakaanza kuwatwaa na kuwauza kwa bei ya chini, huku kiwanda cha nyama cha Liebig pale Athi River kikihitaji mifugo. Maelfu ya watu walitembea hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi kwa majuma kadhaa mpaka unyang'anyi ule ukasimamishwa. Muindi mwenyewe alihamishiwa Lamu kama mfungwa wa kisiasa. Kila nikisoma kisa hicho naona kwamba walichokikataa hakikuwa hifadhi ya udongo. Walikataa kupangiwa thamani ya mali yao na mtu ambaye hangelala njaa akikosea.

Ushahidi kwamba Mkamba alijua hesabu yake uko milimani. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa kikoloni walikuwa wameikatia tamaa wilaya ya Machakos, ambayo hadi mwaka 1992 ilijumuisha Makueni ya leo. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walirudi kupima hali baada ya nusu karne na kuchapisha kitabu chao mwaka 1994, More People, Less Erosion. Walikuta idadi ya watu imeongezeka takribani mara 5, na hata hivyo mavuno kwa kila mtu yamepanda, matuta ya fanya juu yamejaa mitelemkoni, na mmomonyoko umepungua. Vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, vilichimba matuta hayo kwa jembe na koleo. Fedha zilitoka kwa wanaume waliofanya kazi Nairobi na Mombasa, na kwa mazao yaliyopata mnunuzi: kahawa kwenye vilima vya Mbooni na Kilungu, matunda na mboga kwa ajili ya jiji. Palipokuwa na soko, mtu alichimba tuta. Palipokosa soko, matuta yalisubiri.

Hivyo vibali vya mahindi vilipofutwa Desemba 1993, Ukambani ulikuwa na kila sababu ya kufurahi. Na sehemu moja ya mageuzi ilileta faida aliyoiona hata mama wa kijijini bila kusoma gazeti. Zamani wasagaji wakubwa ndio waliopata mahindi ya Bodi, wakauza unga uliokobolewa kwa pakiti, na serikali ikagharimia ruzuku yake. Vinu vidogo vya posho sokoni vilikosa mahindi ya kusaga wakati wa uhaba, kwa kuwa mahindi yenyewe hayakuruhusiwa kusafiri. Soko lilipofunguliwa, wachuuzi, wengi wao wanawake, walichanga nauli ya lori, wakaleta magunia na kuyauza kwa gorogoro na debe. Mnunuzi alibeba mahindi yake hadi kinu kilicho karibu, akasagiwa unga usiokobolewa kwa gharama ndogo kuliko ya pakiti. Familia maskini zililinda matumbo yao kwa namna ambayo ruzuku haikuweza kufanya.

Lakini takwimu za taifa zilisema mengine. Mwaka huohuo wa 1993 uchumi wa Kenya ulikua kwa chini ya asilimia 1, na bei zilipanda kwa takribani asilimia 46. Wapo wanaotumia tarakimu hizo kuhukumu mageuzi yote. Hukumu hiyo haina haki: wafadhili walikuwa wamezuia misaada tangu Novemba 1991, fedha nyingi zilimwagwa wakati wa uchaguzi wa 1992, na kashfa ya Goldenberg ilikuwa ikikausha hazina. Hata hivyo wanaotetea soko nao hawana haki wakisema kwamba kilichokosekana ni muda tu. Muongo mzima wa 1990 ulipita kwa ukuaji wa kusuasua, takribani asilimia 2 kwa mwaka, chini ya kasi ya ongezeko la watu. Jambo lilikuwa limekosekana, na ili kuliona inafaa tuache mahindi tutazame pamba.

Pamba ilikuwa zao la fedha la nchi kavu. Kitui kulikuwa na kiwanda chake cha kuichambua, Makueni nako vilevile, na katikati ya miaka ya 1980 Kenya ilizalisha karibu robota 70,000 za pamba iliyochambuliwa, kiwango ambacho haijakikaribia tena. Bodi ya Pamba haikuwa mnunuzi mwema. Ilikawia kulipa kwa miezi, wakati mwingine msimu mzima, na mkulima ambaye mtoto wake alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo hakuhitaji kuelezwa ubaya wa ukiritimba. Ukiritimba huo ulipovunjwa mwaka 1991, wachache waliulilia.

Ila Bodi ile mbovu ilikuwa ikifanya kazi nyingine ambazo hakuna aliyeziorodhesha ilipoondoka. Mbegu safi ilipitia kwake. Dawa ya kumpulizia funza wa vitumba ilitolewa kwa mkopo kupitia chama cha ushirika, na deni likakatwa pamba ilipofika ghalani. Mkopo huo uliwezekana kwa sababu moja: mnunuzi alikuwa mmoja, kwa hiyo mkulima hakuwa na pa kupitia. Baada ya 1991 wanunuzi binafsi walifika wakati wa mavuno na fedha taslimu. Mwenye kiwanda aliyethubutu kukopesha mbegu na dawa aliona pamba iliyotokana na mkopo wake ikiondoka na mnunuzi ambaye hakukopesha hata mbegu moja. Msimu uliofuata hakukopesha. Na uliofuata huo pia hakukopesha. Mkulima akabaki na uhuru wa kumuuzia amtakaye zao ambalo hana uwezo wa kulipulizia dawa.

Mbegu nazo zikaharibika. Zile zilizobaki baada ya kuchambua pamba zilirudishwa shambani zikiwa zimechanganyika, na mavuno yakapungua mwaka baada ya mwaka. Huku chini pamba ikififia, kule juu viwanda vya nguo vilikuwa vikianguka: KICOMI ya Kisumu, kisha Rivatex ya Eldoret, vikikosa uwezo wa kushindana na mitumba na vitambaa vya nje vilivyoingia mipaka ilipofunguliwa. Marekani ilipofungua soko lake kwa nguo za Afrika mwaka 2000 kwa sheria ya AGOA, viwanda vya kushona katika maeneo maalumu ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, Nairobi, Athi River na Mombasa, viliajiri maelfu, lakini kitambaa walichoshona kilitoka Asia, jambo lililoruhusiwa na sheria yenyewe. Soko kubwa kuliko yote duniani lilifunguliwa si mbali na Makueni, na pamba ya Makueni haikupata nafasi ndani yake.

Hili ndilo ninaloamini kuhusu miaka ile. Kuondoa amri ni kazi ya siku moja. Waziri hutia saini na gazeti rasmi la serikali huchapisha. Kazi zilizokuwa zimejificha nyuma ya amri, yaani mbegu, mkopo, mizani, ghala, barabara, utatuzi wa migogoro, hazitangazwi kwenye gazeti hilo, na hazijifanyi zenyewe. Mahindi yalinusurika kwa kuwa ni zao ambalo mkulima tayari alijua kulilima kwa mbegu yake na kulila mwenyewe lisiponunuliwa. Pamba hailiki. Ilihitaji mnyororo mzima, na mnyororo ulikatwa kiungo kimoja baada ya kingine.

Nchi zilizokuwa na mipango ya kati ya kweli zilipitia njia hiihii kwa kiwango cha kutisha. Urusi iliachilia bei Januari 1992, na kufikia 1998 uchumi wake ulikuwa umepungua kwa takribani asilimia 40. Viwanda vilivyozoea kupelekewa malighafi na wizara havikujua wamuulize nani. China ilianza kwingine. Desemba 1978 wakulima wa kijiji cha Xiaogang, mkoani Anhui, waligawana mashamba ya jumuiya kwa siri, kila kaya ikiahidi kutoa fungu la serikali kwanza na kubaki na ziada. Serikali ilipoukubali utaratibu huo haikuifuta mipango yake. Iliendelea kununua fungu lake kwa bei yake, ikaruhusu soko likue pembeni mpaka likaizidi mipango. Mavuno ya nafaka yalipanda kutoka takribani tani milioni 305 mwaka 1978 hadi takribani milioni 407 mwaka 1984. Sisemi kwamba Kenya ingeiga China, nchi isiyowapa wakulima wake kura ya kubadilisha serikali. Nasema kwamba kule daraja la zamani halikuvunjwa kabla jipya halijapitika.

Ukambani ulijenga daraja lake kwa kuchelewa, na kwa sehemu kubwa kwa mikono ya wakulima. Chukua miembe. Hakuna bodi iliyowahi kuamuru Makueni ipande miembe. Watu walianza kwa miche michache ya kubebeshwa kando ya nyumba, aina za Apple, Kent, Tommy Atkins na Ngowe, wakaona inavumilia jua ambalo hukausha mahindi, wakapanda zaidi. Leo kaunti hiyo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa embe nchini. Huo ni ukuaji halisi wa uchumi, uliotoka kwa uamuzi wa maelfu ya familia, na ningependa wanaodhani kwamba kila kitu huanzia kwenye mpango wa serikali wapite mji wa Wote, Makueni, wakati wa Januari.

Lakini wapite pia shambani. Broka hufika mti ungali na maua, mwenye shamba akiwa na karo ya kulipa, na kununua mti mzima kwa kukadiria. Au husubiri wiki ambayo embe zote zimeiva kwa pamoja, akijua kwamba tunda halingoji. Bei huhesabiwa kwa tunda, si kwa kilo, na anayechagua ndiye anayenunua. Simlaumu broka peke yake. Yeye ndiye aliyekuja na lori wakati wengine hawakuja. Lakini mnunuzi mmoja kijijini, awe wa serikali au wa mtu binafsi, huleta matokeo yaleyale.

Kisha kuna nzi wa matunda. Nzi mharibifu kutoka Asia aligunduliwa nchini mwaka 2003, na kufikia 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka embe kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, ikiogopa kufungiwa kabisa. Miaka 7 ilipita kabla ya kuanza tena, mwaka 2021, na maandalizi ya kurudi yalijumuisha maeneo ya Makueni yanayolindwa dhidi ya nzi huyo. Hapa soko peke yake halina jibu. Mkulima anaweza kutundika mitego, kuokota embe zilizooza na kuzizika, lakini jirani asipofanya hivyo nzi huvuka ua asubuhi ileile. Lazima wote wafanye kwa pamoja, au hakuna anayefaidika. Kwa hiyo lazima pawe na mwenye mamlaka ya kuwaita wote.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi hiyo, na kuanzia 2013 zilikuwa na bajeti. Chini ya Gavana Kivutha Kibwana, Makueni ilijenga kiwanda cha matunda Kalamba, kilichofunguliwa mwaka 2017, ambapo embe husagwa kuwa rojo la kuuzia watengenezaji wa juisi. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, haiko ndani ya mapipa yake. Kiwanda hakiwezi kununua embe zote za Makueni. Kinachoweza ni kutangaza bei kwa kilo, na bei hiyo ikishajulikana, broka hawezi tena kuja na ya kwake bila kuulizwa.

Kitui ilijaribu kwa njia yake. Gavana Charity Ngilu aligawa mbegu za ndengu baada ya kuingia madarakani mwaka 2017, na kaunti ikaanzisha kiwanda cha nguo cha KICOTEC, ambacho mwaka 2020 kilipata umaarufu kwa kushona barakoa. Ndengu hufaa udongo na mvua ya Kitui kuliko mahindi, nami naunga mkono hatua ile. Hata hivyo mbegu ni nusu ya shughuli. Wote wakivuna wiki moja, bei huporomoka wiki hiyohiyo, na asiye na mahali pa kuhifadhi huuza kabla fukusi hawajamtangulia. Magunia yasiyopitisha hewa, ambayo huua fukusi bila dawa, humpa mkulima miezi kadhaa ya kungoja. Sheria ya mfumo wa stakabadhi za ghala ya mwaka 2019 ingempa zaidi: aweke mazao kwenye ghala lililoidhinishwa, apewe stakabadhi, akopee benki kwa stakabadhi hiyo na kuuza bei ikipanda. Ni ile kazi ya kuhifadhi ambayo bei moja ya mwaka mzima iliifuta, ikirudi bila ukiritimba. Barabara nayo imefika: lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui imeunganisha kusini mwa kaunti na barabara kuu ya Mombasa, na lori lililokuwa likizunguka sasa hukata moja kwa moja.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba mipango ya serikali imetoweka kwenye sahani ya Mkamba. Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu wa mbaazi duniani, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingizwa kwa mwaka ili kulinda wakulima wake. Bei zilianguka Afrika Mashariki nzima, na mkulima wa Makueni, ambaye hupanda mbaazi kwa sababu huvumilia kiangazi, alipata hasara kwa amri ya wizara ambayo hakuipigia kura. Kikomo kiliondolewa mwaka 2021. Mwenye zao moja na mnunuzi mmoja ng'ambo bado yuko chini ya bodi. Bodi yenyewe imehamia Delhi.

Kinachonitia wasiwasi sasa kiko karibu zaidi. Kiwanda cha kaunti hutegemea bajeti, bajeti hutegemea bunge la kaunti na fedha kutoka Hazina ya Taifa, na fedha hizo huchelewa kila mwaka. Mkulima akipeleka embe zake kiwandani kwa bei nzuri, kisha akalipwa baada ya miezi mitatu, atarudi kwa broka wa fedha taslimu, naye atakuwa na haki. Bodi ya Pamba ilipoteza imani ya watu kwa sababu hiyohiyo. Kaunti zote mbili zinaweza kuanza msimu ujao kwa hatua isiyogharimu chochote: kubandika katika kila ofisi ya wadi, kila Ijumaa, bei ya siku kwa kilo, jumla ya mazao yaliyopokelewa, na tarehe ambayo waliopeleka wiki iliyotangulia walilipwa. Na pale ambapo tarehe hiyo haipo, iandikwe kwamba haipo, pamoja na cheo cha ofisa anayepaswa kuulizwa.